Kioo Juu ya Paa la Karani

Mtu huyu aliniharibia biashara, na mpaka leo nikimkumbuka machozi yananitoka. Nilikuwa nauza mafuta ya taa pale Viwanja Sitini, pembeni ya mji wa Ifakara, na yeye ndiye aliyekuwa mteja wangu mzuri kuliko wote. Hakopi, haombi nyongeza, anakuja kila Jumamosi saa kumi jioni na chupa yake aliyoiziba kwa gunzi la hindi. Halafu akaacha. Akapandisha kioo juu ya paa, na chupa ile sikuiona tena dirishani kwangu kwa miaka.

Tulimwita Karani. Jina la ubatizo alikuwa nalo, padri alilijua, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Alikuwa karani wa stesheni ya reli mpaka miaka ile walipoanza kupunguza watu makazini, naye akapunguzwa pamoja na wengi. Akarudi nyumbani na kiinua mgongo chake, sare mbili za kazi, na filimbi ambayo sina hakika kama aliruhusiwa kuondoka nayo. Sare aliivaa kwenda misa ya kwanza. Filimbi aliipuliza kuwafukuza mbuzi wa watu kwenye mchicha wa mkewe, na mbuzi, nasema kweli, walimtii.

Neno "baadaye" lilimchukiza. Ukimwambia unakuja baadaye anakuuliza, "Baadaye ya saa ngapi?" Kuna fundi mwashi alimwahidi kuja asubuhi kuziba ufa ukutani, akatokea jua likiwa utosini. Karani alimkuta mlangoni akamtazama kana kwamba hamjui.

"Shikamoo, Karani. Nimekuja kwa ule ufa."

"Marahaba. Wewe ni fundi wa leo?"

"Ndiyo, mzee."

"Wa leo ameshapita. Rudi kesho uwe wa kesho."

Na fundi akarudi kesho yake, alfajiri, amevaa kandambili zikiwa bado na umande. Ufa ukazibwa. Tulicheka wiki nzima.

Mkono wake ulikuwa wa birika, hilo nalo lazima niliseme, maana nikimsifu tu atafufuka anisute. Chumvi aliipima kwa kizibo cha soda. Kiberiti kikibaki na njiti chache, alizigawa kwa wembe, moja ikawa mbili. Mkewe alikuwa anacheka tu. Huyo tulimwita Mama Karani, ingawa Mungu hakuwajalia mtoto, na hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina lingine. Mwanamke mpana wa uso, mwepesi wa mzaha, mpishi wa kambale usiyeweza kumsahau. Ila kifua chake kilikuwa kibovu. Kikohozi chake tulikijua mtaa mzima. Asubuhi ukikisikia, unajua ameshaamka na moto ameshauwasha.

Daktari alimwambia Karani maneno machache: moshi. Moshi wa kuni, na zaidi ule wa kibatari, maana Mama Karani alikuwa mtu wa kusuka mikeka jioni, kichwa chake amekiinamisha juu ya kibatari mpaka pua zinakuwa nyeusi. Karani alirudi kutoka hospitali akakaa barazani, akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa, akaivua tena. Nilimwuliza kulikoni. Akaniambia, "Mama Fide, mimi na wewe tunamwua mke wangu. Wewe unauza, mimi nanunua." Alisema bila hasira, kama anayesoma tangazo la treni.

Kioo, kile cha kuvuna umeme wa jua, alikuwa amekiona Mang'ula, kwenye nyumba moja karibu na hifadhi. Aliuliza bei, watu wakamtajia, wakadhani atakimbia. Hakukimbia. Alichukua kiinua mgongo chake chote akapanda treni kwenda Dar es Salaam, na aliporudi alishuka amekumbatia kitu kipana kilichofungwa kwenye blanketi, na juu ya blanketi khanga ya mkewe. Waliosafiri naye walituhadithia kwamba njia nzima hakukiweka chini, na pale alipobanwa na haja alimwomba mtawa mmoja amshikie, akamkabidhi kama mtoto mchanga, kwa maagizo.

Jamani, mtaa ulisema! Pesa ile ingenunua mashine ya kukoboa mpunga. Pesa ile ingenunua ng'ombe wa kutolea mahari ya wake wawili. Vijana wa kijiweni wakamtungia msemo: "Karani kanunua jua." Jua la Ifakara, linalotuchoma bure tangu asubuhi mpaka jioni, yeye kalinunua! Na nguzo za umeme kwetu zilikuwa bado. Umeme unafuliwa hapo Kidatu, mwendo wa asubuhi moja tu kwa gari, lakini nyaya zilitupita juu kwa juu kwenda kwa wenye bahati. "Wakileta nguzo utakilaza wapi hicho kioo?" walimwuliza. "Wataleta saa ngapi?" akawajibu.

Alikuja dukani kwangu kuniaga, maana alikuwa mtu wa taratibu.

"Mama Fide, sikuhami wewe. Nahama moshi."

"Hee! Na mimi nitakula nini, Karani?"

"Utauza chumvi."

"Chumvi kwako? Wewe unayeipima kwa kizibo?"

Alicheka kidogo, halafu akanieleza hesabu yake, na naieleza hapa kama alivyonieleza, kwa sababu ndiyo iliyotawala maisha yao. Alikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga, amelitoboa tundu kwenye kifuniko. Kila Jumamosi saa kumi, pesa ile ile ambayo angeniletea mimi kwa mafuta, pamoja na ya betri za redio na ya viberiti, ataitia kwenye kopo. Siku kopo litakapotimiza bei ya kioo, na betri yake, na taa zake, na waya, kioo kitakuwa kimejilipa. Kuanzia hapo mwanga ni wa bure mpaka wafe.

"Na hiyo pesa ya kwenye kopo ni ya nani?" nikauliza.

"Ya mke wangu. Siku hiyo haendi tena bondeni kulima. Atakaa hapa afungue genge, akunyang'anye wateja waliobaki."

Haba na haba hujaza kibaba, nikamwambia. Akasema kibaba hakijazwi na methali, kinajazwa na nidhamu. Ndivyo alivyokuwa.

Jioni ya kwanza taa zilipowaka, Mama Karani alinijia mbio, mikono bado ina unga. "Njoo uone, shoga! Naona mpaka mawe kwenye mchele!" Nikaenda. Taa nyeupe, nyembamba, imening'inizwa jikoni, na ukuta wote wa jikoni ukaonekana jinsi ulivyokuwa mweusi kwa masizi ya miaka. Aliona aibu. Kesho yake akausugua, halafu akaupaka udongo mweupe. Miezi ile kifua kilitulia. Asubuhi nilikuwa naamka nasikiliza, sisikii kitu, nafikiri kalala, kumbe yuko nje anafagia. Nilifurahi kwa ajili yake, na nilimsonya Karani kwa ajili ya duka langu, vyote kwa wakati mmoja.

Sasa, asiyelijua Bonde la Kilombero nimweleze. Sisi tuna nyumba mbili. Ya mjini ina bati na kufuli. Ya shambani ni dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti huko bondeni ng'ambo ya mto, maji yanapita chini yake masika. Mvua za kwanza zikianguka, watu wanafunga nyumba wanahamia huko na sufuria zao, wanalima, wanapanda mpunga, wanapalilia, halafu wanaamia, yaani wanafukuza ndege na nguruwe, wanavuna, wanapura. Wanarudi mjini kiangazi kimeshaanza. Mtaa wetu ikifika Januari unabaki na wazee, walimu, wagonjwa na kuku. Nusu ya mwaka, taa hazihitajiki kwenye nyumba zenye bati. Zinahitajika kwenye madungu.

Na Karani alikuwa amepiga hesabu yake kama mtu wa reli, bonde akalisahau. Stesheni haihamii shamba. Miaka yote ya kazi alibaki mjini kukata tiketi, mkewe akawa anakwenda bondeni na dada yake. Dungu lenyewe alilijua kwa kulitembelea tu siku za likizo. Alipopunguzwa kazini tulijua sasa watakwenda wote wawili. Hata Mama Karani alikuwa ameshaanza kututania, "Mwaka huu namfundisha mtu wa ofisini kufukuza kwelea." Lakini mwaka ule ule wezi wakaingiwa na tabia ya kupanda juu ya nyumba zilizofungwa. Jirani yetu wa nyuma alirudi kutoka shamba akakuta nyumba haina bati hata moja. Na juu ya paa la Karani kulikuwa na kiinua mgongo chote cha maisha yake, kinang'aa, kinaonekana mpaka barabarani. Nani atakiacha?

Nilijitolea kukilinda. Akanitazama juu ya miwani. "Mama Fide, wewe unauza mafuta ya taa. Nikuachie kioo?" Tulicheka wote watatu. Ningejua, nisingecheka.

Mkewe alitoa wazo la pili, tukiwa wote pale barazani. "Basi kifungue, tukibebe. Twende nacho bondeni, tukifunge juu ya dungu. Nitasuka mikeka huko huko."

"Tutavuka nacho mto kwa chombo gani?"

"Si kwa mtumbwi? Kwani sisi tunavuka kwa kitu gani?"

"Mtumbwi ukiyumba kikaanguka, hesabu yote imekwenda na mto."

"Na mimi nikianguka?"

"Wewe unajua kuogelea," akasema Karani, na yeye mwenyewe akacheka, na mkewe akacheka mpaka akashika mbavu. Walipendana, nasema hivyo waziwazi, maana wako waliokuja kusema vinginevyo.

Basi ikawa hivyo. Alipoagana nami Mama Karani alinunua kwangu dumu zima la mafuta, akalitwika kichwani, akaenda bondeni na dada yake na kibatari chake. Mtu aliyenunuliwa mwanga akaondoka na mafuta, na mlinzi wa mwanga akabaki mjini anasoma magazeti makuukuu. Wakasema ni kwa msimu huo tu. Ikawa msimu huo, na uliofuata, na uliofuata tena.

Miezi ile ya upweke ndiyo niliyomjua Karani vizuri, maana mtaani tulikuwa tumebaki wachache. Alipika wali bokoboko akausifu. Aliwasha taa moja tu kati ya tatu, ili kuitunza betri, lakini ile moja haikuwa ya sebuleni alikokaa. Ilikuwa ya jikoni. Giza likianza kuingia taa ya jikoni ilikuwa inawaka na jikoni hakuna mtu, yeye amekaa barazani anategea mwanga unaotokea dirishani, gazeti kalisogeza pembeni apate kuona. Nikamwambia, "Karani, ihamishe basi taa ikufuate." Akasema, "Ile ni yake." Mtu anayepasua njiti ya kiberiti kwa wembe! Sikumwelewa, na nilikuwa namwonea huruma na kumcheka.

Mpunga ukikaribia kukomaa, Mama Karani alikuwa anamletea pepeta. Unakata mpunga mbichi kidogo, unaukaanga kwenye chungu, unautwanga ukiwa wa moto mpaka unakuwa bapa, unapepeta. Hakuna kitu kitamu kama hicho duniani. Alimpa mtu yeyote anayevuka, kimfuko kimefungwa kwa kipande cha khanga, na salamu: mwambieni mzima. Karani alikuwa ananipimia kikombe kimoja, kimefutwa juu kwa kisu kisizidi. Kabla ya kula alinusa mfuko, anakunja uso. "Inanuka mafuta ya taa." Anauanika kwenye kamba siku nzima. Na mkewe mwenyewe akirudi kiangazi, ngozi imekuwa ya jua na nywele zimejaa moshi, kabla hajaketi ameshapashiwa maji ya kuoga na nguo zake zote zimelowekwa. "Harufu hii isiingie ndani ya nyumba yangu," anasema Karani, anaibeba ndoo mwenyewe mpaka bafuni. Mkewe anapiga vigelegele vya kumtania: "Mnaona wenzangu? Mimi naogeshewa!" Halafu anakohoa.

Kopo nalo lilikuwa linajaa, kwa mwendo wake. Lingejaa mapema zaidi kama Karani angekuwa bahili wa kweli. Hapa ndipo nilipogombana naye. Kila palipokuwa na msiba Viwanja Sitini, na hata mitaa ya mbali, Karani aliifungua betri yake ile nzito yenye maji, anaifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, anaipeleka, anaweka taa mahali wanawake wanapokaa na maiti. Hakuna aliyemwomba. Anasikia kilio tu, anakwenda. Betri ile haikuumbwa kwa kubebwa kwenye mashimo na kukamuliwa mpaka tone la mwisho. Aliniambia mwenyewe kwamba inaumia. Ikaumia kweli. Masika moja ikavimba ubavu, ikafa, akalazimika kuagiza nyingine. Bei yake ikaongezwa juu ya hesabu, na siku ya kopo kujaa ikasogea mbele mavuno mawili.

"Unamwongezea mkeo misimu ya shamba kwa ajili ya maiti wa watu!" nilimwambia, na sauti ilinipanda.

"Mama Fide, mtu alale gizani siku yake ya mwisho, na mimi nina mwanga?"

"Na aliye hai?"

Naye akasema, "Aliye hai nimemwuliza. Kasema niende."

Ni kweli. Nilimwuliza Mama Karani aliporudi, akaniambia, "Ndivyo alivyo, shoga. Nitafanyaje? Mavuno mawili si mengi." Alikuwa anatoa mawe kwenye mchele chini ya taa yake. Nilimwona amekonda shingo, nikamwambia aende hospitali. Akaenda, akapewa dawa, kikohozi kikapungua. Kilipopungua, bonde likamwita tena.

Msimu wake wa mwisho mvua zilikuwa nyingi. Mawingu yalikalia milima ya Udzungwa hayabanduki, jua hatulioni, na kioo kilikaa juu ya paa kimelowa, hakina kazi. Hata taa ya jikoni ilikuwa inawaka mara moja moja, kwa wekundu. Pepeta ilikuja mapema, na salamu zile zile: mzima. Karani akanusa, akakunja uso, akaanika barazani kwa sababu ya mvua.

Halafu siku moja mchana akatokea Msukuma mmoja na baiskeli, tope mpaka magotini. Alikuwa jirani yao wa bondeni, mtu wa ng'ombe, tulikuwa tunamsikia kwenye habari za Mama Karani kwa sababu alikuwa anampa maziwa. Alisimama mbele ya duka langu kuuliza nyumba yenye kioo. Karani alikuwa hapo hapo dukani, amekuja kununua sabuni.

"Shikamoo, mzee. Mayu anaumwa."

"Mayu nani?"

"Mama yetu wa ng'ambo. Mkeo. Kifua. Analala amekaa, akilala chini pumzi inakata. Tunamleta, dada yake yuko naye mtumbwini, mimi nimetangulia."

"Tangu lini?"

Yule bwana akatazama tope la miguuni mwake. "Tangu mpunga unachanua. Tulitaka kuja, akatukataza. Anasema mwacheni mzee, msimsumbue, kopo limekaribia."

Karani aliweka sabuni chini. Hakwenda kwake kuchukua kofia, hakwenda kufunga. Alipanda nyuma ya baiskeli ya yule Msukuma, mlango wa nyumba yake uko wazi, kioo kiko juu ya paa, kwa mara ya kwanza tangu kilipopandishwa. Mimi nilifunga dirisha la duka nikaomba kiti kwenye gari la mchele lililokuwa linaelekea kivukoni.

Nilimkuta kando ya mto, amesimama kwenye maji mpaka vifundoni. Mto ulikuwa umefura, pantoni imefungwa kamba, haivushi. Akaniuliza mtumbwi unachukua muda gani kutoka ng'ambo, nikamwambia sijui. Akamwuliza mvuvi, mvuvi akasema, "Utafika tu, mzee." Mtu aliyekuwa hawezi kuvumilia neno kama hilo, akaitikia kwa kichwa, mara nyingi.

Mtumbwi ulifika. Dada mtu alikuwa amempakata, na tulipouona uso wa dada mtu tulijua. Mama Karani alikuwa amekata pumzi katikati ya mto. Karani aliingia majini akamchukua mwenyewe, akataa kusaidiwa, akakaa naye kwenye matope. Akaingiza uso wake kwenye khanga ya mkewe, hapa shingoni, akabaki hivyo. Nilisogea kumshika bega. Khanga ilikuwa inanuka moshi na mafuta ya taa, harufu kali, na yeye alikuwa anaivuta ndani kwa nguvu.

Msibani watu walitafuta taa ya Karani, hawakuiona. Betri ilikuwa haina kitu. Jua lilikuwa halijatoka. Mwanamke aliyenunuliwa jua alilazwa kwenye mwanga wa vibatari vya majirani, na mafuta yalitoka dukani kwangu. Nilijaza vyote. Karani aliangalia ninavyojaza. Asubuhi kopo lilifunguliwa, likatoa jeneza na sanda na chakula cha waombolezaji, na kilichobaki akakirudisha ndani, akafunga kifuniko.

Tulidhani atakishusha kioo kile akiuze, au akivunje kwa jiwe, mimi ningekivunja. Hakufanya hivyo. Shamba alimwachia dada mtu. Kila Jumamosi saa kumi, nikiwa dirishani kwangu, nilikuwa nasikia pesa inaanguka kwenye bati la kopo. Taa ya jikoni iliendelea kuwaka na jikoni hakuna mtu. Misibani aliendelea kupeleka betri, mpaka miguu ilipokataa baiskeli. Watu walisema akili imeteleza. Siku moja nilimwuliza anamtilia nani pesa hiyo. Akasema, "Nilimwahidi." Sikuuliza tena.

Miaka ikapita. Nguzo zikaanza kuonekana upande wa barabara kubwa, na mimi nikawa nafikiria kuacha mafuta niuze tiketi za bahati nasibu na soda. Jumamosi moja, duka likiwa tupu, nikasikia chupa inawekwa kwenye ubao wa dirisha. Nikageuka. Ilikuwa imezibwa kwa gunzi la hindi. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi.

Alikuwa amezeeka sana, sare ya stesheni inamning'inia. "Shikamoo, Karani," nikasema.

"Marahaba. Kimejilipa."

"Nini?"

"Kioo. Leo hii. Pamoja na betri ya pili. Pamoja na jeneza."

"Hongera, Karani."

"Asante." Akaisogeza chupa kidogo kuelekea kwangu. "Nipimie."

"Nikupimie mafuta? Kwani taa zimekufa?"

"Zinawaka."

"Sasa ya nini, Karani? Wewe na mafuta ya taa?"

Alivua kofia, akaikung'uta, ingawa haikuwa na vumbi. "Khanga zake nilizifungia kwenye sanduku," akasema. "Sikuzifua. Nilikuwa nafungua kidogo, siku moja moja, nafunga. Harufu yake imekwisha, Mama Fide. Sasa zinanuka sanduku." Akavaa kofia. "Kibatari chake cha dunguni dada yake alinipa. Nitakiwasha pale jikoni, jioni, saa aliyokuwa anapika. Kidogo tu, halafu nitakizima."

Nilichukua chupa. Mafuta mengine yakamwagika kwenye ubao, na harufu ikapanda baina yetu. Hakukunja uso. Aliinama juu ya ubao, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu, na mimi nikamwacha, natazama kwingine.

Nilipompa chupa akatoa pesa mfukoni. Nikamwambia aiache, leo ni yangu. Akaiweka kwenye ubao, sarafu juu ya sarafu, akazisukuma kwa kidole mpaka upande wangu.

"Chukua," akasema. "Hii haimo kwenye hesabu."